Will & Grace: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu marafiki wanne, mwisho wa 2006 na kurudi kwao 2017

Anayeanza kuitazama Will & Grace, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani, leo hukwama mahali pamoja. Anamaliza msimu wa nane ametokwa na machozi, anafungua wa tisa, halafu anajiuliza: mbona hawa hawana watoto? Juzi si tumeona watoto wao wakichumbiana? Swali hilo lina jibu lake humu, pamoja na mengine ambayo wapenzi wa tamthilia hii huulizana. Majibu yanafichua miisho yote miwili, kwa hiyo kama hutaki kujua mapema, soma maswali manne ya mwanzo kisha uruke hadi la mwisho.

Inahusu nini hasa?

Inahusu watu wawili walioshindwa kuwa wapenzi, wakaja kuwa kitu kilichodumu kuliko mapenzi. Will Truman ni wakili, mwanamume anayependa wanaume. Grace Adler ana ofisi yake ndogo ya kupamba nyumba za watu. Wanaishi pamoja katika nyumba namba 9C, jengo la 155 Riverside Drive, Manhattan, jijini New York. Wanajuana hadi mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake, na wanagombana kama wanandoa wa miaka thelathini.

Pembeni yao wapo wawili wengine ambao mara nyingi huiba mchezo mzima. Jack McFarland ni mwigizaji asiye na kazi, asiye na haya, na asiyelipia chakula anachokula kwenye friji ya Will. Karen Walker ni mke wa tajiri, ameajiriwa kama msaidizi wa Grace lakini hafanyi kazi yoyote, na hundi za mshahara wake hazipeleki benki. Will ni Eric McCormack, Grace ni Debra Messing, Jack ni Sean Hayes na Karen ni Megan Mullally.

Kwani Will na Grace waliwahi kuwa wachumba?

Ndiyo, na ni muhimu uijue hadithi hiyo, kwa sababu kila ugomvi wao unatokea huko. Walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakapendana. Sikukuu ya Thanksgiving mwaka 1985 Grace akampeleka Will nyumbani kwao. Usiku huo Will, aliyekuwa akijificha ukweli hata yeye mwenyewe, akazidiwa hata akamchumbia Grace ili aahirishe kulala naye. Kisha akaja kumwambia kweli. Grace alivunjika moyo, wakakaa muda mrefu bila kusemezana, ndipo wakarudiana kama marafiki.

Yote hayo yamo katika sehemu ya msimu wa tatu iitwayo "Lows in the Mid-Eighties". Kwangu mimi hiyo ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Inachekesha kuanzia mwanzo, nywele na nguo za miaka ya 80 zenyewe zinatosha, lakini inakuonyesha kwamba urafiki huu ulizaliwa na kidonda, na kwamba Grace alichagua kusamehe.

Hapa Kiswahili kinanipa zawadi ambayo watunzi hawakuijua. Mwanamume kama Will tunamwita shoga. Lakini mwanamke wa pwani anapomwita mwanamke mwenzake "shoga yangu", anamaanisha rafiki wa ndani, yule wa kupeana siri na kuazimana kanga. Mara nyingi nikiwatazama Will na Grace jikoni mwao naona maana zote mbili zimekaa katika neno moja.

Nani waliitunga? Ni kisa cha kweli?

Watunzi ni David Kohan na Max Mutchnick, marafiki tangu shule ya sekondari Beverly Hills, California. Mbegu ya hadithi ni ya kweli: Mutchnick alikuwa na msichana aliyemfahamu tangu utoto, wakawa wapenzi, hadi alipojitambua na kumwambia kwamba anapenda wanaume. Urafiki ukabaki. Kabla ya hapo Kohan na Mutchnick walikuwa wameshaitungia NBC tamthilia nyingine ya vichekesho, Boston Common, kwa hiyo hawakuwa wageni mlangoni pa kituo hicho.

Ina misimu mingapi?

Kumi na moja. Minane ya kwanza ilirushwa na NBC kuanzia tarehe 21 Septemba 1998 hadi 18 Mei 2006, sehemu 194. Mitatu ya kurudi ilianza tarehe 28 Septemba 2017 ikaisha 23 Aprili 2020, sehemu 52. Jumla 246.

Kwa nini inasemwa ilikuwa hatari kuirusha mwaka 1998?

Kwa sababu ya yaliyokuwa yametokea muda mfupi tu kabla. Aprili 1997 Ellen DeGeneres, katika tamthilia yake kwenye kituo cha ABC, alimfanya mhusika wake aseme wazi kwamba anapenda wanawake. Watazamaji walikuwa wengi usiku ule, lakini mwaka uliofuata tamthilia ikafutwa. Somo ambalo wakubwa wa televisheni za Marekani wangeweza kulichukua ni kwamba jambo hilo haliuziki. Miezi michache baadaye inakuja tamthilia ambayo mhusika wake mkuu ni shoga tangu dakika ya kwanza, na hafanyi tangazo la kujitambulisha kwa mtu. Yupo tu, anapika, anakwenda kazini, anamkaripia Jack.

Watunzi waliingia kwa hadhari. Kwa muda mrefu Will hakuonekana na mpenzi wa maana, na hilo lililalamikiwa na mashoga wenyewe: Grace anabusu wanaume kila msimu, Will anabusu nani? Februari 2000 watunzi waliligeuza lalamiko hilo kuwa hadithi. Jack anasubiri kwa hamu busu la wanaume wawili katika tamthilia moja ya NBC, kamera inakwepa wakati wa busu lenyewe, naye anakwenda hadi makao ya kituo kulalamika. Mwishowe Will anambusu Jack hadharani, moja kwa moja mbele ya kamera za kipindi cha asubuhi cha NBC. Kituo kilikubali kusutwa ndani ya kipindi chake chenyewe. Sijui televisheni ngapi zingekubali.

Mei 2012 Joe Biden, wakati huo makamu wa rais, alihojiwa kuhusu ndoa za jinsia moja, akasema kwamba Will & Grace pengine iliwaelimisha Wamarekani kuliko karibu jambo jingine lolote lililokuwa limefanywa. Mwaka 2014 jumba la makumbusho ya historia ya Marekani la Smithsonian, Washington, lilipokea vitu vya tamthilia hii katika hazina yake. Ni nadra kwa vichekesho vya usiku wa Alhamisi.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Wote wanne ni wazungu na wanaishi New York ya watu wenye nafasi. Mzaha juu ya Rosario, mfanyakazi wa nyumbani wa Karen aliyetoka El Salvador, mara nyingine unakwaruza, nami kuna sehemu kadhaa ambazo nikizirudia leo siwezi kucheka.

Kwa nini inaonekana kama mchezo wa jukwaani?

Kwa sababu ni mchezo wa jukwaani. Ilirekodiwa mbele ya hadhira, kwa kamera kadhaa kwa pamoja, na vicheko unavyosikia ni vya watu waliokaa pale studioni. Aliyeongoza ni James Burrows, mmoja wa waasisi wa Cheers na mwongozaji aliyezindua tamthilia nyingi tunazozijua, Friends na Frasier zikiwemo. Kwa kawaida mwongozaji wa kiwango chake huongoza sehemu ya kwanza, kisha hukabidhi. Hapa aliongoza zote 246. Jambo hilo halipewi uzito unaostahili.

Ukitaka kuona kazi yake, acha kusikiliza maneno, tazama miguu. Jinsi Jack anavyoingia mlangoni, jinsi Karen anavyokaa juu ya meza ya Grace, jinsi Will na Grace wanavyopishana jikoni bila kugusana wala kutazamana. Wamecheza pamoja hadi miili inajua njia. Ndiyo maana Septemba 2005 walithubutu kufungua msimu wa nane mubashara, tena mara mbili usiku huohuo: mara ya kwanza kwa watazamaji wa mashariki mwa Marekani, ya pili kwa wale wa magharibi.

Na waigizaji hawakukosa kutuzwa. Misimu minane ya kwanza ilipata uteuzi 83 wa Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani, na ushindi 16, ikiwemo tuzo ya tamthilia bora ya vichekesho mwaka 2000. Wote wanne walishinda, kila mmoja kwa kazi yake: Hayes na Mullally 2000, McCormack 2001, Messing 2003, na Mullally tena 2006. Kabla yao ni All in the Family na The Golden Girls tu ambazo waigizaji wake wakuu wote walikuwa wameshinda.

Mbona sauti ya Karen mwanzoni si ile?

Umesikia vizuri. Mullally alianza na sauti iliyo karibu na yake ya kawaida, kisha akaipandisha taratibu hadi ikawa ile nyembamba ya puani tunayoijua. Ukitazama sehemu ya kwanza baada ya kuizoea Karen ya baadaye, utadhani ni mtu mwingine.

Na Stan, mumewe? Usihangaike kumtafuta. Uso wake hauonyeshwi kamwe.

Ni wageni gani maarufu walipita?

Wengi mno. Madonna, Cher, Elton John, Janet Jackson, Jennifer Lopez, Britney Spears, Matt Damon. Cher alikuja mwaka 2000 akakutana na Jack, naye Jack akadhani ni mwanamume aliyejivalisha kama Cher, akaanza kumfundisha jinsi ya kumwigiza Cher vizuri zaidi. Ni dakika chache tu, lakini watu bado huzitafuta.

Ukiniuliza mimi, wageni waliofaa zaidi si wanamuziki. Ni wale waliokuja kuwa jamaa: Debbie Reynolds kama Bobbi, mama yake Grace, anayeingia akiimba, Sydney Pollack na Blythe Danner kama wazazi wa Will, na Leslie Jordan kama Beverley Leslie, mtu mfupi mwenye maneno ya sumu, adui na rafiki wa Karen. Jordan alipata Emmy kwa nafasi hiyo mwaka 2006.

Mwisho wa 2006 ulikuwaje, na kwa nini uliwaumiza watu?

Hapa ndipo penye uzito.

Grace ana mimba ya Leo, mume wake waliyeachana (ni Harry Connick Jr.). Will amejitolea kumlea mtoto pamoja naye. Ghafla Leo anarudi, anaomba waoane upya, Grace anakubali na kwenda kuishi naye Rome. Will anabaki na chumba cha mtoto kisicho na mtoto. Wanaacha kusemezana. Jack na Karen wanawakutanisha kwa hila baada ya miaka kadhaa, wanakumbatiana, wanaahidiana, lakini kila mmoja ana familia sasa. Will na mpenzi wake Vince wana mwana, Ben. Grace na Leo wana binti, Laila. Simu zinapungua. Kisha zinakatika.

Miaka mingi inapita hadi Will na Grace wanakutana tena kwenye bweni la chuo, kila mmoja amempeleka mwanawe, na vyumba vya watoto vinatazamana. Ben na Laila wanapendana, wanachumbiana. Mwishoni wanne wetu wako baa, wamezeeka, wanagonganisha glasi.

Zaidi ya watu milioni 18 walitazama usiku ule. Wapo waliouona ni mwisho wa kweli, kwa sababu ndivyo maisha yanavyofanya: hamgombani mkamalizana, mnapotezana tu. Ninauheshimu mtazamo huo. Lakini mimi niliuona ni kama kuvunja ahadi. Misimu minane tumefundishwa kwamba urafiki unaweza kuwa nyumba kamili, kwamba watu wawili wasiooana wanaweza kuwa jamaa wa damu. Halafu saa ya mwisho inatuambia: hapana, urafiki hukaa sebuleni tu ukingoja ndoa na watoto, vikija unaondoka. Na dawa waliyoitoa ni kwamba watoto wao waoane, yaani Will na Grace wawe wakwe ndipo wawe jamaa. Kwani urafiki wenyewe haukutosha?

Ilirudije baada ya miaka kumi na moja?

Kwa njia ya siasa. Tarehe 26 Septemba 2016, siku ya mdahalo wa kwanza kati ya Hillary Clinton na Donald Trump, ilitoka video fupi kwenye intaneti, wanne walewale katika sebule ileile, wakiwahimiza Wamarekani wapige kura. Sebule yenyewe haikuwa imebomolewa: Mutchnick alikuwa ameitoa kwa Emerson College, Boston, chuo alichosoma, ikawekwa huko kama maonyesho. Wakaitoa, wakawasha taa, na waigizaji wakagundua kwamba miili bado inajua njia. Januari 2017 NBC ikatangaza kuwa inairudisha. Sehemu ya kwanza ya kurudi ilipata watazamaji wapatao milioni 10.

Basi watoto walikwenda wapi? Ben na Laila?

Walikuwa ndoto ya Karen. Sehemu ya kwanza ya msimu wa tisa inamfungua Karen akizinduka kutoka katika lindi lake la pombe na vidonge, anasimulia maono ya ajabu aliyoyaona, na wenzake wanamhakikishia kwamba hakuna hata moja lililotokea. Vince ameshaondoka, Grace ameachana na Leo, amerudi 9C.

Najua wengi waliona ni ujanja wa bei rahisi. Mimi nilishangilia. Ndoto ni njia ya kizamani ya kufuta hadithi, ni kweli, lakini kilichofutwa ni ule utengano. Watunzi walipata nafasi ambayo watunzi wachache huipata, ya kurudi na kusema: tulikosea, hawa wawili hawakupotezana. Dakika mbili za mzaha zikafanya kazi hiyo bila hotuba.

Rosario yuko wapi?

Shelley Morrison, aliyemwigiza katika sehemu 68, alikuwa ameshastaafu uigizaji na hakurejea. Hapo awali aliitwa kwa sehemu moja tu. Watazamaji walimpenda, akabaki. Badala ya kumtafuta mwigizaji mwingine, watunzi waliamua Rosario afariki, katika sehemu ya Novemba 2017 iitwayo "Rosario's Quinceañera".

Kama utatazama sehemu moja tu ya misimu mitatu ya kurudi, iwe hii. Kwa miaka minane Karen na Rosario walitukanana kama maadui, nasi tulicheka. Sasa Karen hawezi kuingia kwenye ibada ya mazishi. Anakwepa na kupuuza, hadi kila mtu ameondoka. Ndipo anakwenda peke yake mbele ya jeneza, na anazungumza naye. Mullally hapandishi sauti, hafanyi mbwembwe. Nyumba nyingi za kwetu zina dada wa kazi aliyelea watoto, aliyejua siri zote, na ambaye hakuna aliyewahi kumwambia anapendwa. Sijaona televisheni ikiligusa jambo hilo kwa haki kama pale.

Morrison mwenyewe alifariki tarehe 1 Desemba 2019.

Misimu ya kurudi inalingana na ya zamani?

Kwa vichekesho, hapana. Mzaha wa Trump ni mwingi mno, na umechakaa haraka. Sehemu ya kwanza yenyewe inampeleka Grace Ikulu ya Marekani kupamba ofisi ya rais, na ukiitazama leo inahisi kama gazeti la juzi. Nyakati nyingine waigizaji wanangoja makofi kabla hawajayapata.

Kwa uzito, naona inaizidi. Novemba 2018 ilirushwa "Grace's Secret". Grace yuko safarini na baba yake (sasa anaigizwa na Robert Klein) kwenda kaburini kwa mama yake. Wanasimama mgahawani. Baba anamsifu sana rafiki yake wa zamani, na Grace hawezi kunyamaza tena: anamweleza kwamba mtu huyo alimshambulia kingono alipokuwa na miaka 15. Hakuna kumbukumbu za nyuma, hakuna muziki. Watu wawili, meza moja, vikombe vya kahawa. Baba anasitasita kwanza, na kusita kwake kunauma kuliko maneno. Burrows aliwaacha wakae tu wazungumze, na hadhira ya studioni, iliyozoea kucheka, imenyamaza kimya.

Mwisho wa pili, ule wa 2020, unasemaje?

Ulipangwa mapema, ilitangazwa Julai 2019 kwamba msimu wa kumi na moja ndio wa kufungia. Grace ni mjamzito, tena katika umri ambao wengi wangemwambia amechelewa. Will naye anamngoja mtoto wake kupitia mama anayembebea mimba, na McCoy, mchumba wake (Matt Bomer), anarudi kwake. Jack, ambaye tayari ameolewa na Estefan, anapanda jukwaa la Broadway alilolililia tangu 1998. Karen na Stan wanapatana.

Linganisha na 2006. Mambo ni yaleyale: mimba, wanaume, watoto wawili. Lakini safari hii hakuna anayelazimika kuchagua kati ya mtoto na rafiki. Tamthilia inafungwa uchungu wa kuzaa umeshamshika Grace, na aliye ubavuni pake ni Will.

Kuna chochote kipya baada ya hapo?

Mwaka 2023 Sean Hayes na Eric McCormack walianzisha podikasti ya kuitazama upya tamthilia tangu sehemu ya kwanza na kuzungumza juu yake. Debbie Reynolds alifariki Desemba 2016, kabla hata ya kurudi. Leslie Jordan akafuata Oktoba 2022.

Sina muda wa sehemu 246. Nianzie wapi?

Usianze na ya kwanza kabisa. Bado walikuwa wanatafutana. Anza na "Lows in the Mid-Eighties" ya msimu wa tatu ili ujue kidonda kilikotoka. Rudi nyuma kwa busu la Februari 2000, iitwayo "Acting Out". Kama umependa, tazama misimu ya pili hadi ya tano kwa mpangilio, hiyo ndiyo iliyokomaa. Ukichoka katikati ya msimu wa saba, kama mimi, ruka hadi saa ya mwisho ya 2006 na uitazame yote, hata kama itakukera. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, fungua sehemu ya kwanza ya 2017. Sisi wa zamani tulingoja miaka kumi na moja kati ya hizo mbili. Wewe huna sababu ya kulala na huzuni hiyo usiku mmoja.